Mshono wa Bega la Kushoto

Nilimfukuza mke wangu kwa sababu ya mshono wa blauzi.

Cheka kwanza, halafu unisikilize.

Mimi ni fundi cherehani. Miaka tisa ya ndoa, nguo zote za mke wangu nilimshonea mimi, vipimo vyake viko kichwani. Ghafla akaanza kunikwepa. Nikimgusa bega la kushoto, anaruka kama kaunguzwa.

"Usinishike!"

"Kwani nimekuwa mwiba?"

"Nimechoka tu, mume wangu."

Siku moja napiga pasi blauzi yake, nikaona bega la kushoto limefumuliwa na kuongezwa nafasi. Mshono si wangu. Jamani, fundi anaujua mkono wake! Damu ikanichemka. Nani kampima mke wangu?

Nikamuuliza ni nani. Machozi yakamlengalenga. Mimi sikutaka machozi, nilitaka jina. Nikamwambia afungashe.

Aliondoka na begi moja. Nikajiona mwanaume kweli kweli. Mjinga mimi.

Baada ya mwezi akaja dada yake. Hata kiti hakukitaka.

"Shemeji, mwenzio kafanyiwa upasuaji. Kesho anapewa majibu."

Akanieleza yote. Kivimbe kimoja begani, kidogo kama harage, kina rangi ya bluu kwa mbali, kimejificha ndani ya ngozi. Kilikua polepole miaka miwili. Nguo ikikigusa tu anaumia, sembuse mkono wa mtu. Mama yao alikufa kwa saratani, ndiyo maana akaogopa hata kukitaja.

"Na ile blauzi?"

"Aliifumua mwenyewe, isimbane. Alishona kwa mkono, wewe ukiwa kazini."

Nilikaa chini.

Kesho yake nilikwenda nao hospitali. Daktari akasoma karatasi, akatabasamu.

"Si saratani. Kimeanzia kwenye tezi ya jasho. Ni nadra sana, na dalili yake kubwa ni hayo maumivu. Tumekitoa chote."

Nililia mbele za watu. Nikamwomba mke wangu msamaha, nikamsihi turudi nyumbani.

Aliniangalia bila hasira, na hilo ndilo lililoniua.

"Nilidhani nakufa, na bado ukanifungulia mlango nitoke. Nimekusamehe. Lakini kurudi, hapana."

Wakaondoka, yeye na dada yake.

Ndugu yangu unayesoma, mwenzako akianza kukukwepa, muulize anaumwa wapi. Mimi niliuliza ni nani.