Kisima cha Fundi Baiskeli

Fundi baiskeli wa Kimamba hamwamkii mtu kabla ya kufuta mikono kwenye kitambaa chake cheusi kwa grisi. Mama Loveth, aliyetoka Zombo, alikuwa ametoboa tairi la baiskeli yake kwa mwiba makusudi, apate kumchunguza, bila kujulikana, huyu aliyemposa binti yake. Wakisubiri gundi ikauke, fundi alicheza kwenye simu mchezo wa kujenga mji. Wakazi wa mji huo walikuwa wamenuna. Akabomoa jumba lake kubwa, akachimba kisima mahali pake.

“Jumba zuri vile, baba?”

“Wanafuata maji mbali, mama. Wakichoka watahama, nitakaa na nani?”

Mama Loveth alikitazama kile kisima kwa muda mrefu.

“Mwambie mshenga wako aje Ijumaa, achukue jibu.”

Fundi akafuta mikono, akamwamkia upya.