Mshale wa Oili na Harusi ya Shangazi

Wiki hii fundi mmoja wa Kasese amenibadilishia sensa ya presha ya oili mara mbili, na mshale kwenye dashibodi bado umelala kwenye sifuri. Leo anataka tujaribu ya tatu. Nikamuuliza kama amepima presha yenyewe kwenye injini.

"Mzee, hiyo ya kupima hatuna. Sisi nabadilisha tu."

Ndugu yangu, nilikaa kwenye benchi la gereji yake nimefura kwa hasira, na harusi ya shangazi ikanirudia yote.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulishuka kutoka Kyondo asubuhi kwa pikapu ya baba ya kubebea kahawa. Shangazi, dada yake mdogo, aliketi mbele na gauni lake jeupe. Sisi wengine nyuma, juu ya magunia matupu, tukinuka kahawa na mafuta ya nywele. Kanisa lilikuwa Rukoki, mbali bado. Tulipoingia Bwera mshale wa oili ukaanguka. Baba akazima injini papo hapo.

"Kaka, mchungaji iko nangoja," shangazi akasema. "Endesha tu."

"Siendeshi. Kama presha kweli hakuna, injini inakufa njiani."

Lori la jirani yetu lilikufa hivyo hivyo, na jirani akarudia jembe. Pikapu ile ndiyo iliyotulisha. Lakini siku ile nani alitaka kukumbushwa? Wajomba walivua makoti, wakasukuma gari hadi kwa fundi Mkongo aliyetoka Butembo. Shangazi alifuata kwa miguu, ameinua gauni lisiguse vumbi.

Fundi yule hakuwa na haraka hata kidogo. Akachomoa kijiti cha kupimia, akakipangusa, akakirudisha, akakichomoa tena: oili imejaa. Akaufuata kwa vidole waya unaotoka kwenye sensa hadi kwenye mshale, mzima. Kila mpita njia alikuwa na ushauri. Mama wa chapati alituambia tumwagie injini maji. Mwishowe fundi akafungua sensa, mahali pake akafunga kipimo chake chenye mpira mrefu, akamwambia baba awashe. Mshale wa kipimo kile ukapanda, ukatulia.

"Papa, moteri iko muzima," akasema. "Iko sensa tu inakufa. Unaweza kwenda."

Sensa mpya haikupatikana Bwera. Akarudisha ile mbovu ili oili isivuje, tukaondoka na mshale wetu kwenye sifuri, baba akipiga mluzi njia nzima kana kwamba hakuna aliyechelewa. Tulifika Rukoki mvua imeanza, wali umepoa, nusu ya wageni wamekwenda zao. Shangazi hakusema na baba hadi Krismasi.

Baba alishafariki. Fundi Mkongo alirudi kwao, na ilipokuwa gereji yake wanauza simu. Mikono kama ile, ya kupima kwanza kabla ya kubadilisha, sijaiona tena barabara hii yote.

Nilimpigia shangazi, nikamweleza yaliyonipata.

"Gari iko wapi sasa?" akauliza.

"Iko hapa gereji. Fundi anasema afunge sensa ya tatu, halafu niwashe tu, niende."

Yeye ndiye aliyemlaumu baba miaka yote hii kwa kuzima injini.

"Usiwashe," akasema. "Tafuta mtu wa kupima."