Mshono Alioukalia Mkwe

Nazari wa Litembo alijifunzia Dar es Salaam kazi ya mapaa ya plastiki, yale maturubai mazito yanayotandazwa juu ya zege na kuunganishwa kwa hewa ya moto. Kampuni ya umma iliyomwajiri ilipouzwa, alirudi kwao na mashine yake ya kupulizia, rola ndogo ya kukandamizia, na maringo kidogo. Wakulima wa kahawa walimcheka: paa gani hilo lisilo na bati? Alicheka nao, lakini kazini hakuwa na mzaha. Kila asubuhi alichomelea vipande viwili vya majaribio, akavivuta. Turubai likichanika kabla ya mshono kuachia, ndipo alipoanza kazi. Mwishoni alipitisha bisibisi butu kwenye mshono wote kuona kama itapenya popote, asiache hata shubiri.

Tajiri mmoja akamwita amalizie zahanati yake ufukweni, karibu na Mbamba Bay. Wodi ilifunguliwa kabla paa halijakamilika, na Vitalia, mke wa Nazari, mzaliwa wa ziwani, akajifungulia humo. Basi fundi akawa anachomelea juu ya mwanawe mwenyewe. Alikuwa na hofu, maana upepo wa mwera ukipata upenyo wa kidole hung'oa turubai zima.

Siku ya mwisho, moshi mweusi ulisimama ziwani bila moto. Ilikuwa nkungu, vijidudu ambavyo watu wa ziwani huvikusanya na kuvila. Wingu lile likaja nchi kavu kimyakimya, ndege wakanyamaza, paa likawa jeusi. Nazari alifagia, akafuta, akachomelea. Alipokuwa akipima mshono wa mwisho, alimkuta mkwewe, Mama Kunigunda, ameukalia, amempa mgongo, ungo mapajani, kama aliyepanda kukusanya nkungu.

Kwao mama mkwe hakaribiwi, wala hasemeshwi ovyo. Nazari aliinamisha macho, akapima mpaka karibu na kanga yake, akashuka. Alijiambia kwamba kipande kile kidogo hakina neno.

"Mwambie mama ashuke, upepo unaanza," alimwambia Vitalia dirishani.

"Mama gani? Mama yuko Lundu. Hajafika bado."

Kabla hajajibu, Hamphrey, kaka yake Vitalia, aliingia uani na baiskeli, macho mekundu.

"Shemeji, mama ametutoka leo alfajiri."

Vitalia aliangua kilio. Juu yao turubai la paa likaanza kupanda na kushuka, kama kifua cha mtu aliyelala. Nazari alibeba mashine yake akapanda.

Kunigunda alikuwa palepale. Nkungu zilitua kila mahali, ila juu yake haikutua hata moja. Nazari aliogopa sana, na akaona uchungu pia, kwani tangu aoe hakuwahi kumwambia neno.

"Shikamoo, mama," alisema. "Naomba usogee. Mjukuu wako yuko chini."

Akasogea. Pale alipokuwa amekaa mshono ulikuwa wazi, umejaa nkungu, na mwera umeshaingia. Nazari alilala kifudifudi, akasafisha, akapuliza moto, akakandamiza. Peke yake asingeweza kulizuia turubai lile. Lakini upande wa pili lilitulia, limebanwa na uzito wa mtu aliyeketi, mpaka bisibisi ikakataa kuingia.

Nazari hakuinua macho.

"Ahsante, mama," alisema, akaanza kulia.