Mhitimu wa Chuo cha Waliofeli

Mama Meno alipewa jina hilo mtaani kwa sababu ya kazi yake, si kwa sababu ya kinywa chake, ambacho kilikuwa cha kawaida kabisa. Alitengeneza meno bandia. Kwa miaka mingi alijibanza katika chumba cha nyuma cha daktari mmoja mzee wa meno, chumba chenye dirisha dogo, sinki lililogandwa na plasta na harufu ya nta iliyoyeyuka, na wazee wengi wa mji ule walitafuna nyama kwa hisani yake bila kumjua hata kwa sura. Kisha daktari akafariki, wanawe wakageuza pale duka la simu, na Mama Meno akatoka na visu vyake vya nta amevifunga kwenye kitambaa.

Mjini palibaki mahali pamoja tu pa kutengenezea meno, napo ni hospitali kubwa. Ama aingie huko, ama aiage kazi pekee aliyokuwa akiijua. Alikuwa ameshajaribu mara moja, na jina la chuo chake likamponza.

Alisomea Chuo cha Waliofeli. Cheka umalize, wenzako wamekwisha kucheka. Ndilo jina lenyewe, liliandikwa kwa rangi nyeusi kwenye kibao cheupe getini. Mwanzilishi wake alikuwa mwalimu mwenye hasira, aliyechoka kusikia vijana wake wakiitwa “wale waliofeli” katika kila ofisi aliyowapeleka. Alipoulizwa chuo kiitweje, akasema basi kiitwe hivyo hivyo. Aliamini kwamba wahitimu wakichapa kazi nzuri, jina litageuka kuwa sifa na wenye dharau watatahayari. Ilikuwa hasira nzuri, sikatai. Ila yeye alikwenda nayo kaburini, na walioachiwa jina ni wengine.

Majina ya ovyo yapo tele, wala si kwamba yote yanamfunga mtu mlango. Kipo Chuo cha Kisasa, ambacho babu zetu walikikuta tayari kimechakaa. Kipo Chuo cha Mjini, ambacho ukishuka garini unakatisha pori mpaka viatu vinaomba msamaha. Kipo na Chuo cha Mfano, ambacho mvua ikinyesha darasa zima huhamia chini ya ngazi, na hakuna aliyewahi kueleza ni mfano wa nini. Wahitimu wa vyuo hivyo vyote huajiriwa bila maneno. Mama Meno alipotaja chuo chake mara ile ya kwanza, karani wa hospitali aliwaita wenzake waje wasikie, akamwomba arudie. Alirudia. Wakacheka mpaka mmoja akashika meza, na mambo yakaishia hapo.

Na ufundi wa chuoni kwao ulikuwa wa kweli. Mwalimu hakuwa na vipimo vya joto, hivyo aliwafundisha kupasha kisu kwenye mwali, kisha kukisogeza karibu na mdomo wa chini bila kugusa, ngozi yenyewe iseme. Kisu kikizidi moto nta inatiririka, kikipoa inakatika na meno yanakaa upande. Aliyetoka pale alifanya hivyo maisha yake yote, bila kujua kwamba anafanya, kama mtu anavyojikuna sikio.

Hospitali ilipotangaza tena kwamba inatafuta fundi, mdogo wake alikuja na shauri lake. Ofisi ya Chuo cha Mfano iliungua, na tangu hapo wahitimu wake hawadaiwi cheti, wanapimwa kwa mikono tu. Tena mkuu wa kitengo cha meno pale hospitalini, ambaye mji mzima ulimsifu, inajulikana alisoma huko huko.

“Dada, sema umetoka Mfano,” mdogo wake alimwambia. “Nani atakuuliza zaidi?”

Mama Meno alikataa. Akashinda nyumbani akiangalia kitambaa cha visu juu ya kabati, akaona aibu ya uongo na hofu ya kukaa bure zinagombana, na hofu ikashinda. Alijifunza kulitamka jina la Mfano mbele ya kioo huku akilichukia.

Siku ya usaili alikuta watu watatu: matroni, ofisa wa utumishi, na mkuu wa kitengo mwenyewe, mwanamume mrefu mwenye koti lililopigwa pasi vizuri. Alilisema lile jina, akangoja kwa hofu mkuu amuulize habari za walimu wa huko. Matroni akatabasamu, akasema kumbe wametoka chuo kimoja. Mkuu aliinamia meza akapanga vifaa. Hakuuliza kitu. Mama Meno alishukuru kimoyomoyo, asijue anashukuru nini.

Alipewa taya la plasta apange meno juu ya nta. Akawasha moto, akapasha kisu, na mikono ikaanza kukumbuka. Alisahau usaili, alisahau uongo. Alikuwa na furaha ambayo hakuwa ameipata tangu daktari wake azikwe. Alipomaliza, matroni aliishika ile kazi akaigeuza, akasema haoni kasoro.

Mkuu aliona moja. Jino la pembeni lilikuwa limeinama kidogo, na kweli lilikuwa limeinama. Akachukua kisu kumwonyesha, akakipasha, na kabla hajakigusisha kwenye nta akakisogeza karibu na mdomo wake wa chini.

Mama Meno alimtazama. Mkuu naye, kisu kikiwa bado karibu na mdomo, alimtazama. Matroni na ofisa walikuwa wakiongea habari za chai. Mkuu alikirekebisha kile kijino kwa mkono uliotulia kabisa, akasema usaili umekwisha.

Mkuu alimfuata kwenye ukumbi, karibu na mlango wa stoo ya mashuka, akamwita dada kwa sauti ya chini. Alimwambia kazi yake ni safi na kwamba hatamchukua. Mama Meno aliapa hatasema neno kwa mtu yeyote, na hapo alikuwa anaomba hasa, mikono ameifumbata kifuani. Alimwambia hana pengine pa kwenda.

“Najua hutasema,” mkuu alisema. “Lakini tutakaa meza moja mbele ya wanafunzi wa kitengo, wewe na kisu chako karibu na mdomo, kama nilivyokuona leo, mimi na changu. Wataona mtu mmoja anafanya hivi, watadhani ni mazoea yake. Wakiona wawili, watauliza tulijifunzia wapi.”

“Basi nitaacha kufanya hivyo.”

“Mimi nimejaribu kuacha tangu nilipoajiriwa,” alisema, akamfungulia mlango wa nje kwa adabu.

Mdogo wake aliposikia alitaka warudi wakamuumbue yule bwana. Mama Meno alikataa katakata. Kumuumbua kungekuwa kusimama pale na kulitupa jina la chuo usoni mwa mtu kama tusi, sawasawa na karani alivyolitupa kwake, na hilo hakuliweza. Aliingia jikoni, akapasha kisu kwenye jiko, akajaribu joto lake kwenye ukucha, kwenye kiganja, kwenye shavu. Kiganja kiliungua, shavu halikumwambia kitu, na kila kipande cha nta alichogusa kikaharibika. Alilia akiwa amesimama.

Jioni jirani yake mzee alikuja na meno yake yaliyovunjika katikati, ameyafunga kwenye leso, akiomba amtengenezee kama zamani. Mama Meno aliyapokea. Aliyatambua, yalikuwa ya mkono wake. Akayafunga tena akamrudishia.

“Nenda nayo hospitali kubwa, baba. Yule mkuu ni fundi wa kweli, usiwe na wasiwasi. Tumetoka chuo kimoja.”

Mzee alifurahi, akasema haoni ajabu, kumbe Mama Meno naye ni wa Chuo cha Mfano.

“Ndiyo, baba,” Mama Meno alisema.