Kakule Aliyeitika

Haya niliyaona kwa macho yangu mawili, sina homa, sijaonja pombe, chai ya asubuhi ikiwa bado mkononi. Natanguliza hilo kwa sababu kazi yangu ni kuchapa vitabu vya mambo yasiyokuwepo, na watu wa Butembo wakisikia kisa kutoka kwangu huanza kucheka kabla sijafika katikati. Cheka ukipenda. Mama yangu alikuwepo, naye hajawahi kutunga hata kitendawili.

Mimi na rafiki yangu Musa tuna nyumba ya vitabu hapa Bulengera, mtaa wa Butembo. Nyumba ni neno kubwa kidogo. Ni chumba cha mbele nyumbani kwa mama, mashine moja ya fotokopi, sindano, uzi na gundi. Tunachapa hadithi na mashairi ya giza, yale ambayo wauza vitabu vya shule na vya kanisa hawataki hata kuyashika: mwanamke aliyezaa ukungu, mto unaoota ndoto za waliozama, mambo ya namna hiyo. Musa ni Mwislamu wa Beni, msafirishaji wa mizigo. Huweka vitabu vyetu juu ya mifuko ya saruji, na kila anaposimama njiani hufungua kimoja akasoma kwa sauti ili watu wanunue. Mimi huniita Directrice, yaani mkurugenzi wa kike, wa mashetani.

Kitabu kilicholeta haya yote kiliitwa Kilima Kilichohama. Ni habari za kilima kilichoamka siku moja kikakuta watu wake wote wamekimbia vita, basi kikajing'oa na kuwafuata barabarani, mashamba yakiwa bado mgongoni. Nilikiandika mwenyewe. Ukurasa wa kwanza niliweka mstari mmoja tu: "Kwa Kakule. Rudi nyumbani."

Kakule ni mdogo wangu. Alishuka Beni kuvuna kakao, akatuma ujumbe kwamba atapanda kurudi Jumamosi, na hiyo Jumamosi haijafika hadi leo. Miaka mitatu ilikuwa imepita, hakuna maiti, hakuna habari. Baba zangu wadogo walitaka tuweke matanga yaishe. Mama akakataa. Sahani ya Kakule, ile ya bati yenye ua jekundu, ilikaa kabatini na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Triko yake, sweta ya baridi, ilikunjwa juu ya kitanda chake. Mimi mchana nilikuwa upande wa baba wadogo, usiku nikawa upande wa mama. Nilikuwa nimechoka kutojua, nakwambia kweli, na ndiyo maana niliandika ule mstari.

Sasa sikiliza kosa langu. Kwetu sisi Wanande jina hufuata zamu ya kuzaliwa. Mtoto wa kiume wa nne ni Kakule, basi. Simama sokoni uite Kakule uone vichwa vingapi vitageuka. Nilijua hilo tangu nikinyonya, na bado sikuandika jina la baba. Kwangu mimi Kakule alikuwa mmoja duniani.

Jioni moja Musa alirudi kutoka Beni, akateremsha makartoni mawili ya vitabu vilivyobaki.

"Directrice, leo gari ilikuwa nzito," akaniambia. "Mizigo nilishusha yote kule, lakini ilikuwa inapanda sawa vile nimebeba mutu."

Nikamwambia abadilishe oili. Alicheka kidogo, si sana, akaenda kuswali.

Kesho yake asubuhi ukungu ulikuwa mzito. Wewe uliyewahi kulala Butembo unaujua, huingia ndani bila hodi na kukaa penye kiti kitupu. Umeme haukuwepo, nikaacha mlango wazi nipate mwanga. Nilikuwa nakata uzi wa kushonea vitabu, chai mkono wa pili, mara nikanusa kakao. Sisemi ile ya kikombe. Nasema kakao mbichi inayochachuka chini ya majani ya mgomba, harufu tamu yenye uchungu, harufu ya kule chini kwenye joto. Huku kwetu juu haipo. Nilipoinua macho, kijana alikuwa amesimama katikati ya yale makartoni mawili, shati jepesi, mabuti ya shambani. Sikumwona akiingia.

"Yaya," akasema, kama mdogo anavyomwita dada yake, "uliniita. Nimekuya."

Niamini, niliinuka kumkumbatia. Kisha ukungu ukasogea nikamwona uso. Alikuwa mrefu kuliko wetu, ana kovu kidevuni, na masikio yalikuwa ya watu wengine. Sikufichi, nilimchukia papo hapo. Je, mtu anaweza kumchukia mgeni kwa kosa la kutokuwa mwingine? Mimi niliweza.

"Nani alikuambia ninakuita?"

"Ule dereva. Alisoma jina yangu pembeni ya barabara, akasema nirudie nyumbani. Siku mingi hapana mutu alikuwa ananiita, yaya. Nikapanda na makartoni."

Akachukua kitabu kimoja, akafungua ukurasa wa kwanza, akapitisha kidole juu ya jina. Hapa naomba unisikilize kama fundi. Mashine yangu hutumia wino wa unga, unaochomwa juu ya karatasi. Hata ukiutia maji hautoki. Kidole chake kilitoka cheusi, kimelowa, na pale palipoandikwa Kakule pakabaki peupe. Nakala hiyo ninayo.

Ndipo nikajua nasema na mtu wa namna gani. Ajabu ni kwamba sikuogopa. Nilikuwa na swali moja la miaka mitatu, na mbele yangu alisimama mtu anayeweza kulijibu.

"Kule ulitoka," nikaanza, "ulionaka Kakule mwingine..."

"Funga kinywa," mama akasema nyuma yangu.

Alikuwa amesimama penye mlango wa jikoni, kikwembe mabegani. Alimtazama kijana kutoka mabuti hadi kovu. Hakudanganyika hata kidogo, maana mzazi anamjua wake hata gizani. Lakini aliposema tena, sauti ilikuwa ile ya kumpokea mtoto anayetoka shule.

"Uko Kakule wa nani?"

"Wa Mama Masika, wa Rughenda, nyuma ya uwanja wa ndege."

"Sasa mbona hukuenda kwenu?"

"Kwetu hapana mutu aliniita, mama. Beko bananingojea tu."

Mama akamwonyesha kiti. "Ikala, mwanangu. Utakula kwanza."

Akafungua kabati akatoa sahani yenye ua jekundu. Nilitaka kuinyakua. Akaijaza bugali na maharagi ya jana, akaiweka juu ya kartoni mbele ya yule kijana. Alikula polepole, kwa adabu, tonge moja limalizike kabla ya lingine. Mama alisimama tu akimwangalia, na midomo yake ilitafuna pamoja naye. Hapo ndipo chuki yangu ilipoisha. Nililia juu ya uzi wangu, nikaharibu kazi ya asubuhi nzima.

Alipomaliza, mama akaleta triko. "Vaa. Huku iko baridi."

Kijana aliigusa kwa kidole cha mkono wa pili, kisicho na wino, akairudisha. "Hapana, mama. Iyi iko na mwenyewe."

Mama akaishika kifuani. Mimi nikafungua kinywa tena, naye akanikanyaga mguu, kama alivyotufanyia kanisani tukiwa watoto. Akamwambia kijana, "Binti yangu atafika kwa mama yako leo leo. Mama yako atakuita muzuri. Wewe enda pole pole."

"Aksanti, mama. Aksanti, yaya."

Akatoka. Ukungu ulimchukua kuanzia mabuti kwenda juu, na mwisho nikaona kola ya shati tu.

Nilimgombeza mama yangu siku hiyo, Mungu anisamehe. "Kwa nini hukuniacha niulize?"

"Sababu angekujibu."

Akaenda kuosha sahani. Alipokuwa akiifuta akasema, bila kunigeukia, "Ule ni mufu, na alisikia. Wetu angekuwa kule angesikia pia. Ni jina yake, ni dada yake anaita. Angepanda ile gari mbele ya bote." Kisha akairudisha sahani kabatini. Kama hesabu hiyo ni sahihi mimi sijui. Ndiyo tunayoishi nayo.

Nilichukua moto, pikipiki ya abiria, hadi Rughenda. Nyumba ya Mama Masika haikunisumbua kuipata. Nilimkuta anachambua maharagi, nikamweleza yote, nikisubiri anifukuze. Aliuliza jambo moja tu.

"Alikula?"

"Alikula, mama. Akamaliza."

Akajifunika kikwembe usoni akalia, kilio cha mtu aliyekiahirisha miaka. Kisha akasimama mlangoni, akamwita mwanawe kwa jina lake na la baba yake, mara mbili, taratibu, kama unavyomwita mtu aje kula. Wiki ile wakaweka matanga. Mama yangu alikaa naye siku zote, akimenya viazi, na hadi leo hawapitishi Jumapili bila kutembeleana.

Kilima Kilichohama kiliisha, tukakichapa upya. Ukurasa wa kwanza sasa ni mweupe. Musa anaufungua, anauruka, anaanza na kilima.

Basi wewe unayeandika, usidhani kijitabu cha fotokopi hakifiki mbali. Kinafika. Ukiandika jina la mtu, andika na la baba yake, na kabla hujaita, jiulize kama uko tayari kuitikiwa. Mimi sikuwa tayari. Zamani mlango ukibishwa asubuhi ya ukungu, nilikimbia kufungua nikiomba awe Kakule wetu. Siku hizi nasimama kwanza nyuma ya mlango, nanusa hewa kama ina kakao, na naomba awe mgeni.