Dari Niliyoipiga Plasta kwa Mchanga wa Pwani

Nilipogonga dari ya lile bafu kwa mpini wa nyundo, ililia kama debe tupu. Nikasogeza ngazi, nikagonga juu ya bomba la mvua. Ikalia vilevile: plasta ilikuwa imeachana na zege. Na plasta ile niliipiga mwenyewe.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, nimetoka kijijini Mpapura karibuni, kijana ninayetaka kuonekana fundi. Mchanga wa mtoni ulipopungua, nikachota wa baharini, hapohapo mtaani Ufukoni, na sikumwambia mtu. Mwenye nyumba, muuguzi aliyehamishiwa Mtwara kutoka Songea, aliisifu kazi. Tangu hapo akawa ananiita "fundi wetu". Sasa, zaidi ya miaka kumi baadaye, alitaka vigae hadi darini, kwa sababu chokaa ilikuwa ikimdondokea mumewe kichwani. Mzee alikuwa amepooza upande mmoja, akioga ameketi kwenye kiti cha plastiki.

Nikajishauri juu ya ngazi. Ningeweza kukwangua chokaa, kuparuza plasta kidogo, nikabandika. Vigae vingeshika mwezi, pengine mwaka. Kisha nikakitazama kile kiti.

Nikashuka.

"Mama, plasta hii haifai. Ibomolewe yote mpaka kwenye zege."

"Si uliipiga wewe?"

"Niliipiga kwa mchanga wa baharini. Chumvi yake ndiyo inayoila."

"Ulijua?"

"Nilijua si mzuri. Sikujua mambo yangefika huku."

Akaitazama dari. Kisha akasema, "Haya, bomoa."

Nikachukua tindo. Pigo la tatu, kipande kipana kama mlango wa kabati kikaachia, kikaniparuza bega, kikakiangukia kiti na kukivunja mguu. Mama akajishika mdomo. Kutoka chumbani mzee akauliza kwa ile sauti yake ya kuburuta, "Nini hicho?"

"Ni fundi," akajibu, bila ya "wetu".

Nililisugua zege kwa brashi ya waya, nikalitoboa vitundu kwa tindo lipate kushika plasta, nikaliosha vumbi. Nikapaka uji wa saruji, kisha plasta nyembamba ya mchanga wa mtoni, niliouonja kwanza kwa ulimi. Siku kadhaa nikawa nainyunyizia maji na kugonga kila pembe. Nilipobandika vigae, nikavitegemeza kwa mbao mpaka vikauke.

Siku ya kuziondoa mbao, mama alinipa taulo. "Utaanza wewe."

Nikaoga uso juu, sabuni ikiniingia machoni, nami naogopa kuyafumba. Hakikuanguka kitu. Nilipotoka, alikuwa akimvua mzee shati.

"Kaa hapo mlangoni mpaka amalize," akasema.

Nikakaa. Maji yakamwagika, mzee akakohoa, na kila alipokohoa nilisimama.