Mkaguzi Aliyemsikia Mama Yake Akishukuru

Saa tatu na nusu asubuhi. Katika ukumbi wa nyumba ya kulelea wazee, mwanamke wa miaka hamsini na sita amechuchumaa kando ya kiti cha magurudumu, kichwa chake kikiwa sawasawa na kichwa cha mzee aliyekikalia. Anatazama kule anakotazama mzee.

Dakika mbili zinapita. Anainuka, magoti yakilia, anasogea kwenye kiti cha pili na kuchuchumaa tena.

Mhudumu mmoja aliyebeba beseni la maji ya kuogea anamnong'oneza mwenzake, "Ameshaanza."

"Mwache," anajibiwa. "Ndiye Mama Viti huyo."

Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Amebandikwa na wahudumu, nao hulitamka kwa heshima iliyochanganyika na woga. Yeye ni mkaguzi wa nyumba za wazee. Wako wawili tu kwa nyumba thelathini na moja, na hawatoi taarifa kabla ya kuja. Mkobani ana fomu yenye maswali sabini na manne. Je, dawa zinafungiwa kabatini? Je, asiyeweza kujigeuza kitandani anageuzwa kila baada ya saa mbili? Je, kengele ya kumwita mhudumu inafikiwa kwa mkono?

"Fomu nitaijaza, haina miguu ya kukimbia," anasema. "Kwanza nijue mzee huyu tangu ameamshwa anaangalia nini. Huyu anaona dirisha. Yule anaona mlango wa jikoni, kwa hiyo chakula kikija anajua. Yule wa pembeni anaona ukuta. Huyo sasa lazima nimuulize."

Anamwendea, anamwamkia, anamuuliza nani amemgeuza kule.

"Nimeomba mwenyewe," mzee anajibu bila kugeuka. "Jua linaniumiza macho. Au na wewe umekuja kunipangia pa kuangalia?"

Mama Viti anacheka hadi anashika kiti. Anaandika kitu kwenye fomu, halafu anamgusa mzee begani. "Endelea hivyo hivyo, baba. Ukiona wageni, wagombeze."

Kabla ya kazi hii alikuwa muuguzi wa wodi ya wanawake kwa miaka ishirini na miwili. Ukaguzi ameufanya miaka kumi na mmoja. Ameona vidonda vya kulalia vilivyofika mfupani. Ameona bibi aliyefungwa kitini kwa shuka ili asitembee. Mambo hayo yalimliza, anasema, lakini hayakumtisha.

"Uovu wa namna hiyo una harufu. Ukikanyaga tu mlangoni umeshaujua. Ulionitisha mimi ni ule usionuka."

Nyumba anayoizungumzia ilikuwa nyeupe, juu kidogo ya barabara, yenye maua yaliyopangwa kwa kamba. Aliikagua miaka mitano iliyopita. Shuka zilikuwa kavu na zimenyooshwa. Daftari la dawa halikuwa na pengo hata moja. Wazee walikaa ukumbini kwa safu, wamechanwa nywele, mikono mapajani. Watatu kati yao viti vyao viliangalia ukuta. Aliuliza kwa nini.

"Hao wanapenda kukaa peke yao," alijibu msimamizi wa nyumba, mwanamke mnene mwenye sauti laini kama ya mtu anayembembeleza mtoto.

Mkaguzi akaandika maneno hayo kama alivyoambiwa. Alikaa mle saa tatu nzima, na katika saa hizo hakusikia kikohozi, wala mtu akigombea redio, wala kijiko kikianguka. Mahali pa maoni akaandika: *Mazingira tulivu.* Akaipa nyumba alama tisini na sita kwa mia. Hakuna nyumba nyingine aliyowahi kuipa alama hizo.

Miaka miwili baadaye akafanyiwa upasuaji wa nyonga. Daktari akamkataza kunyanyua kitu kizito kwa miezi miwili, wakati nyumbani alikuwa na mama yake wa miaka themanini na mmoja, ambaye lazima anyanyuliwe kutoka bafuni na ambaye mara mbili alishaacha jiko likiwaka na sufuria tupu juu yake.

Mdogo wake wa kiume, fundi majokofu, hakuona tatizo liko wapi. "Dada, si miezi miwili tu? Tumpeleke kule. Wewe mwenyewe uliwapa tisini na sita."

Wakampeleka.

Ili kuelewa kilichofuata, anasema, ni lazima umjue mama huyo. Tangu ujana wake hakuwahi kusifia kitu. Chai ya moto imemuunguza; ikipoa, wamemletea maji ya mvua. Siku ya harusi ya binti yake alilalamikia mahema, akalalamikia wali, na bwana harusi alipokuja kumwamkia akamwambia viatu vyake vinapiga kelele.

Jumapili ya pili binti alikwenda kumwona, akitembelea fimbo. Mama alikuwa kwenye safu, kiti cha nne. Amechanwa vizuri. Ananukia sabuni.

"Shikamoo mama. Wanakutunzaje huku?"

"Tunahudumiwa vizuri, tunashukuru."

Binti akacheka, akidhani anataniwa. Akasubiri lalamiko. Halikuja.

"Mama, ni mimi. Niambie ukweli. Chakula je?"

"Tunahudumiwa vizuri, tunashukuru." Sauti ileile, kwa mahadhi yaleyale, na safari hii mkono wa kulia ukainuka kidogo kutoka pajani, kiganja juu, kama anayesubiri kupokea kitu.

"Mama yangu hajui kusema 'tuna'," anasimulia Mama Viti. "Maisha yake yote ni 'mimi', 'mimi', 'mimi'. Nikamtazama machoni. Alikuwepo, lakini kama mtu aliyesimama nyuma ya pazia."

Bibi wa kiti cha tano, ambaye hakuna aliyemuuliza kitu, akainua mkono wake. "Tunahudumiwa vizuri, tunashukuru." Kisha wa sita. Kisha wa saba. Maneno yakaenda hivyo hadi mwisho wa safu kama maji yanavyopita mferejini, kila mmoja akiinua mkono, kila mmoja akiangalia mbele. Halafu ukumbi ukanyamaza tena.

Nje, kwenye maegesho, akamweleza mdogo wake, aliyemleta kwa gari. Yeye alikuwa anafuta kioo cha gari.

"Amekuwa mpole, dada. Si ndicho tulichokuwa tunamwomba Mungu miaka yote?"

"Mama mpole mimi simjui," akajibu. "Yule ni mama wa nani?"

Usingizi ulimpaa. Jumatano, siku isiyo ya wageni, akachukua kitambulisho chake cha kazi ingawa alikuwa bado kwenye likizo ya ugonjwa na hakuruhusiwa kukitumia. Mlinzi alipokiona akafungua geti. Mkaguzi akapita upande wa jikoni, taratibu kwa sababu ya fimbo, akafika mlango wa ukumbi. Ulikuwa wazi nusu.

Msimamizi alikuwa katikati, na meza ya magurudumu yenye vikombe vya chai. Mvuke ulikuwa unapanda. Alisimama mbele ya kiti cha kwanza, akainama, akauliza kwa upole, "Haya mpenzi, tunaendeleaje leo?"

"Tunahudumiwa vizuri, tunashukuru."

Mkono ukainuka. Kikombe kikawekwa kiganjani.

Kiti cha pili, vivyo hivyo. Cha tatu alikaa babu mmoja mrefu, aliyewahi kuwa dereva wa malori. Akaulizwa. Akafikiri. "Nataka kwenda nyumbani," akasema.

Msimamizi hakufoka. Hakumgusa hata kidogo. Alitabasamu, akazunguka nyuma ya kiti, akafungua breki, akakigeuza taratibu hadi magoti ya babu yakakaribia ukuta. Akafunga breki. Akasukuma meza hadi kiti cha nne.

Kiti cha nne alikuwa mama. Kabla hajaulizwa, mkono wake ulikuwa tayari juu.

"Hapo ndipo nilipoelewa kwamba miaka miwili kabla ya siku ile niliwaona wale watatu wa ukutani kwa macho yangu," anasema. "Niliwaona, nikawaandika kuwa wanapenda."

Hakupiga kelele. Aliingia, akamwacha msimamizi ameshika birika, akaenda moja kwa moja kwa yule dereva. Akafungua breki. Nyonga ilimchoma kama moto, lakini akakigeuza kiti. Akainama ili amwombe radhi.

Babu akamtazama usoni. Machozi yalikuwa yamefika kidevuni. Akainua mkono. "Tunahudumiwa vizuri," akasema haraka haraka, "tunashukuru, tunashukuru."

Siku ileile alimtoa mama yake. Usiku akaandika taarifa, na mstari wa kwanza ulihusu kosa lake mwenyewe.

Kamati ya ukaguzi ilipokaa kuijadili taarifa hiyo, wenye nyumba walileta ushahidi mmoja tu: ile taarifa ya alama tisini na sita, na sahihi yake chini. Wakamuuliza ni kanuni gani iliyovunjwa. Chai ilitolewa. Hakuna aliyepigwa. Kati ya maswali sabini na manne, hakuna linalouliza mzee anatazamishwa wapi.

Msimamizi naye aliulizwa, akajibu bila kuona aibu. "Watoto wao wakija Jumapili wanataka kusikia nini? Mzee akilalamika, wanarudi nyumbani hawalali. Wanapiga simu, wanalia, halafu wiki inayofuata hawaji kabisa. Mimi niliwapa usingizi."

Mama Viti anakiri kwamba jibu hilo lilimchoma, kwa sababu alimkumbuka mdogo wake akifuta kioo.

Msimamizi aliondolewa. Nyumba iliwekwa chini ya uangalizi wa mwaka mmoja, haikufungwa, maana wazee kumi na tisa hawakuwa na pa kwenda. Mkaguzi alipewa onyo la maandishi kwa kutumia kitambulisho akiwa likizoni, akapelekwa miezi minne kwenye chumba cha mafaili. Yule dereva wa malori alichukuliwa na mpwa wake. Inasemekana kwa wiki kadhaa alikuwa hali chakula mpaka aulizwe anaendeleaje.

Mama naye alirudi nyumbani, lakini yule wa zamani hakurudi mara moja. Kila asubuhi kikombe kilipoingia chumbani, mkono uliinuka na maneno yakatoka. Binti alijaribu kila njia. Alimwekea chumvi badala ya sukari makusudi, ili tu amchokoze. Mama akanywa yote, akashukuru.

"Nilikuwa naogopa kuingia na kikombe chumbani kwa mama yangu," anasema. "Nilikuwa nasimama mlangoni nahesabu hadi kumi."

Hali hiyo iliendelea miezi saba. Mdogo wake akawa anakuja kila jioni, anakaa pembeni ya kitanda, anaongea habari za majokofu yaliyoharibika. Hakuna aliyemwambia aje.

Halafu asubuhi moja mama akapokea kikombe, akanywa funda moja, akakunja uso.

"Nani kapika uji huu?"

"Ni chai, mama."

"Chai?" Akakisukuma kikombe. "Na wewe uliolewa ukiwa unapika hivi? Ndiyo maana yule mwanaume alikuwa na viatu vile."

Binti alikaa sakafuni akalia kwa sauti. Mama akamwambia anamharibia zulia.

Sasa mama ana miaka themanini na minne na, kwa maneno ya binti yake, "analalamika mchana kutwa, Mungu ampe maisha marefu." Mkaguzi amerudi kwenye kazi yake. Bado miaka minne astaafu, na mipango yake ameshaianza sebuleni kwake.

Kila Jumamosi huwapokea wahudumu saba kutoka nyumba mbalimbali. Ameweka kitanda cha chuma katikati ya chumba. Somo ni moja: mmoja analala, amekatazwa kusema na kusogea, mwingine anamlisha na kumfuta uso kwa saa nzima.

Jumamosi hii amelala mhudumu wa miaka ishirini na mitatu, msichana mwenye afya na mdomo mwepesi. Mlishaji ameagizwa kwa siri asimwangalie, awe anaangalia dirishani. Vijiko vitatu vya kwanza msichana anajizuia kucheka. Kufikia cha kumi ameacha. Kufikia cha ishirini kijiko kinakawia hewani, naye mdomo wake uko wazi, unasubiri, na macho yake yamekwama kwenye dari. Hakuna anayecheka tena chumbani.

Anaporuhusiwa kuinuka, anajishika mikono kwanza, kama anayehakikisha ipo.

"Mama," anasema, "nimejiona kama sipo."

"Umeshajua nusu ya kazi," anajibiwa. "Nusu nyingine ni kumwangalia mtu."

Mama Viti anataka liwe sharti: asipewe kibali mhudumu yeyote, wala mkaguzi yeyote, kabla hajalala saa moja mikononi mwa mwenzake. Ameshawaandikia wakubwa wake barua mbili. Hazijajibiwa.

"Nitaandika ya tatu," anasema, akinyoosha shuka kwa ajili ya anayefuata. "Wakinyamaza tena, nitawaalika hapa wenyewe. Kitanda kipo."